Kinubi, Inanga na Hatia ya Muziki

Konseto ya kinubi na okestra ya Georg Friedrich Handel ilipigwa mara ya kwanza tarehe 19 Februari 1736 katika ukumbi wa Covent Garden, London. Haikuletwa jukwaani peke yake. Ilichomekwa ndani ya utenzi wa kuimbwa uitwao Alexander's Feast, ambao maneno yake yalitungwa na John Dryden mwaka 1697 kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, kisha yakarekebishwa na Newburgh Hamilton ili yafae kwa muziki wa Handel. Utenzi unasimulia karamu ya ushindi. Aleksanda Mkuu ameipiga Uajemi, ameketi pamoja na kipenzi chake Thais, na mbele yao yupo mpiga kinubi Timotheus. Pale Timotheus anapotajwa akianza kugusa nyuzi, waimbaji hunyamaza na kinubi cha kweli husikika. Usiku ule mpigaji alikuwa William Powell, mtu wa Welisi, na kinubi kilichokusudiwa kilikuwa cha safu tatu za nyuzi: safu mbili za nje zikitoa sauti zilezile, na ya katikati ikibeba sauti za nusu.

Konseto hiyo ina sehemu tatu na huchukua dakika kumi na tatu hivi. Ya kwanza ni ya mwendo mchangamfu, ya pili ya polepole na yenye huzuni, ya tatu inarudisha furaha kwa kiasi. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni jinsi Handel alivyoipanga okestra. Kinubi ni ala dhaifu. Fidla mbili tu zikipigwa kwa nguvu hukimeza. Kwa hiyo fidla zote zimewekewa kifaa cha kupunguza sauti, ala za nyuzi za chini zinadonolewa kwa vidole badala ya kukwaruzwa kwa upinde, na zinazopulizwa ni filimbi mbili za mbao peke yake. Hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, ingawa katika utenzi huohuo Handel anazo na anazitumia kwa kishindo mahali pengine. Okestra nzima imeshushwa hadi kufikia kimo cha mdogo wao, na mdogo huyo ndiye anayeongoza. Mwaka 1738 mchapishaji John Walsh aliitoa kazi hii kama konseto ya sita katika mkusanyo wa Opus 4, akiutangaza mkusanyo huo kuwa wa kinanda, na kwa muda mrefu watu waliifahamu zaidi kwa kinanda kuliko kwa ala iliyotungiwa.

Baada ya konseto, utenzi unaendelea na kazi ya Timotheus juu ya mfalme. Anampigia wimbo wa kumsifu kuwa mwana wa miungu, na mfalme anajiona mungu. Anausifu mvinyo, na mfalme anatamani kurudia vita vyake vyote. Anamwimbia habari za Dario, mfalme wa Uajemi aliyeanguka na kuachwa na watu wake, na mfalme analia. Anageuza wimbo kuwa wa mapenzi, na mfalme analala kifuani mwa Thais. Halafu, katika sehemu ya pili, anamwamsha kwa ngurumo na kumwonyesha mizimu ya askari wa Kigiriki waliokufa bila kuzikwa, wakidai kisasi. Mfalme anashika mwenge, Thais anatangulia njiani, na mji unateketea.

Mji huo ulikuwapo kweli. Persepolis, mji mkuu wa wafalme wa Uajemi, ulichomwa mwaka 330 kabla ya Kristo. Plutarki anasimulia kwamba Thais ndiye aliyewachochea walevi wa karamuni. Arriano anaeleza habari tofauti: kwamba Aleksanda aliamua kulipiza kisasi cha Athene, akakataa shauri la jemadari wake Parmenio aliyemsihi asiharibu kilichokwisha kuwa mali yake. Kumpa mpiga kinubi sehemu kubwa katika moto ule ni ubunifu wa Dryden, na ubunifu huo ndio unaoleta swali. Iwapo mfalme alishika mwenge kwa sababu ya wimbo, nani aliyeuchoma mji: mkono ulioshika mwenge, kidole kilichogusa uzi, au uzi wenyewe?

Swali hili lina uzito wa pekee Kigali, na ndani ya Kigali lina uzito wake katika Muhima, tarafa iliyoinama kutoka kitovu cha mji kuelekea Nyabugogo. Huko ndiko liliko kanisa la Sainte-Famille, lililotokana na misheni iliyofunguliwa mwaka 1913. Rwanda ni nchi yenye ala ya nyuzi iliyopigwa mbele ya wafalme kwa vizazi vingi. Ni nchi pia ambayo mtunzi wake mmoja wa nyimbo alifikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa, na nyimbo zake zikachunguzwa ubeti kwa ubeti ili ijulikane kama zilisaidia kuua. Mambo ambayo Dryden aliyaweka kwenye hadithi ya kale, hapa yana majalada ya kesi.

Jibu la kwanza, na la kale kuliko yote yaliyoandikwa kwa urefu, ni la Plato. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri anashikilia kwamba mpangilio wa sauti huingia ndani kabisa ya nafsi na kuiumba kabla akili haijapata nafasi ya kuhoji. Kwa hiyo mji ulio mwema lazima uchague ala zake. Anaruhusu zeze dogo la nyuzi chache na lile kubwa la waimbaji, na anawaachia wachungaji filimbi zao. Lakini ala zenye nyuzi nyingi, vinubi vya pembe tatu vikiwamo, anazikataa pamoja na mafundi wanaozitengeneza. Katika kitabu cha nne anamnukuu mwalimu wa muziki Damoni kwamba mitindo ya muziki haibadilishwi pasipo kutikisa sheria kubwa za nchi. Kwa Plato, basi, hatia inaweza kukaa ndani ya muziki wenyewe. Uzi una tabia. Ukiuacha ucheze utakavyo, utakubadilisha tabia yako.

Jibu la pili linatoka kwa Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya Ulum al-Din ametenga kitabu kizima juu ya kusikiliza muziki na hali zinazomjia msikilizaji. Mjadala wa wakati wake ulikuwa mkali: je, muziki ni halali au haramu? Al-Ghazali hakubali kujibu kwa neno moja. Anasema kwamba kusikiliza hakuingizi moyoni kitu ambacho hakikuwamo. Kunachochea kile kilichomo. Mwenye kumpenda Mungu huzidishiwa mapenzi hayo, na mwenye tamaa mbaya huzidishiwa tamaa. Hukumu, kwa hiyo, inategemea nani anasikiliza, anasikiliza nini, wapi na pamoja na nani. Wasomaji wa pwani watalitambua jambo hili katika ubishi wa misikitini juu ya dufu, kasida na maulidi, ambao haujakoma hadi leo na ambao mara nyingi hurudi kwenye hoja hii ya Ghazali, hata pale jina lake lisipotajwa.

Kati ya wawili hao amesimama Augustino wa Hippo, Mwafrika wa karne ya nne na ya tano. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anasema waziwazi kwamba nyimbo za kanisa zilimtoa machozi na kumwongoza kwenye imani, kisha anaingiwa na hofu: kuna nyakati uimbaji humgusa zaidi ya kile kinachoimbwa, na nyakati hizo anaona ametenda dhambi. Anapima kufuta muziki kanisani, anashindwa, anaubakisha. Hofu yake ina thamani kubwa kuliko uamuzi wake. Augustino ameona kwamba utamu wa sauti na maana ya maneno ni vitu viwili vinavyosafiri pamoja, na kwamba msikilizaji anaweza kukipokea kimoja huku akidhani amepokea kingine. Yeye aliogopa kwamba utamu utalifunika neno la Mungu. Hakuandika juu ya hatari iliyo kinyume, yaani utamu kulifunika neno la chuki mpaka likanywewa bila kuonjwa.

Maandiko yenyewe hayampi mpiga kinubi ushindi wa kudumu. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, Daudi anampigia kinubi Mfalme Sauli, na roho mbaya inamwacha. Sura mbili mbele, Daudi yuleyule anapiga kinubi kilekile mbele ya mfalme yuleyule, na Sauli anamrushia mkuki akitaka kumgongomea ukutani. Muziki haujabadilika, kilichobadilika ni wivu ulioingia moyoni mwa Sauli baada ya kusikia wanawake wakimsifu Daudi kuliko yeye. Handel aliijua tofauti hii vizuri. Katika oratorio yake ya Saul, iliyoimbwa mara ya kwanza Januari 1739, Daudi anamwombea mfalme kwa wimbo, kisha kinubi kinapiga peke yake muziki mpole wa kutuliza. Mara tu kinapomaliza, Yonathani anatangaza kwamba jitihada imekuwa bure, hasira ya baba yake ingalipo. Ndani ya miaka mitatu, mtunzi mmoja alikifanya kinubi kimwongoze Aleksanda kama mtoto, tena akakifanya kishindwe kabisa mbele ya Sauli. Kama Plato angekuwa na haki kamili, hilo la pili lisingewezekana.

Rwanda inaweza kuongeza kitu katika mjadala huu, kwa sababu mila yake ya muziki imezitenganisha ala kwa namna inayogusa swali lenyewe. Ngoma ilikuwa ya utawala. Ngoma kuu ya ufalme, Kalinga, ilikuwa alama ya mamlaka yenyewe, kiasi kwamba kuitwaa ngoma ilikuwa ni kuutwaa ufalme. Inanga ilikuwa kitu kingine. Ni ubao mrefu uliochongwa kutoka kipande kimoja cha mti na kufukuliwa katikati kama sinia, na juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu, ukienda na kurudi kwenye meno yaliyochongwa kila upande mpaka zipatikane nyuzi saba, nane au zaidi. Kwa hesabu za wataalamu wa ala, inanga haimo katika jamii ya vinubi, maana nyuzi zake zimelala sambamba na ubao. Ndugu yake wa karibu ambaye wapenzi wa taarabu wanamfahamu ni kanuni. Ennanga ya Buganda, iliyopigwa katika kasri la Kabaka, ndiyo kinubi hasa, chenye shingo iliyopinda. Enanga ya Wahaya wa Kagera inafanana na ya Rwanda, na tendi zinazoimbwa kwayo zimechunguzwa kwa kina na M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sauti ya inanga ni ndogo. Msikilizaji hulazimika kusogea na kunyamaza. Huko Burundi mpigaji hunong'ona maneno huku nyuzi zikichukua kupanda na kushuka kwa lafudhi, hata asiyekaa karibu hasikii kitu. Mpigaji wa kasri la Rwanda alisimulia mashujaa, ng'ombe na mambo ya wafalme waliopita, mara nyingi usiku, mbele ya watu wachache waliokuwa na madaraka juu ya wengi. Timotheus angeijua kazi hiyo. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1961, inanga ilipoteza mlezi wake mkuu, lakini haikufa: Rujindiri na Thomas Kirusu waliibeba, na Sophie Nzayisenga, binti ya Kirusu, aliyefundishwa na baba yake tangu utotoni, ameipeleka kwenye majukwaa ya nchi nyingi ingawa kwa kawaida ilihesabiwa kuwa ala ya wanaume.

Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912 na kupewa upadri mwaka 1941, alikuwa mjuzi wa mashairi ya kasri hilo na pia mwanafalsafa. Katika kitabu chake juu ya falsafa ya Wanyarwanda kuhusu kuwapo, kilichotoka mwaka 1956, aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, kiumbe chenye akili; ikintu, kiumbe kisicho na akili; ahantu, mahali na wakati; na ukuntu, namna ambavyo mambo huwa. Mgawanyo huu umebishaniwa sana, na wapo wanaodai kwamba Kagame alimsoma Aristotle kwa macho ya Kinyarwanda. Hata hivyo unasaidia hapa. Inanga ni ikintu: haina nia, haiwezi kushtakiwa. Mpigaji na msikilizaji ni umuntu: wanajua, na kwa hiyo wanajibu. Muziki wenyewe haukai katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Ni ukuntu, namna ya jambo kuwa, na namna haiwezi kusimama bila mwenyewe. Kuuliza kama muziki una hatia ni sawa na kuuliza kama upole au ukali una hatia pasipo kutaja nani alikuwa mpole au mkali, na kwa nani.

Ukifuata njia hiyo, Ghazali anakaribia kushinda. Lakini kesi ya Simon Bikindi inazuia ushindi wa haraka.

Bikindi alizaliwa mwaka 1954 kaskazini magharibi mwa Rwanda, akawa mtunzi mashuhuri na kiongozi wa kikundi cha nyimbo na ngoma za asili kilichoitwa Irindiro. Hakuna aliyemsikiliza aliyekana kipaji chake. Nyimbo tatu ndizo zilizomfikisha mahakamani: Twasezereye, iliyotoka mwaka 1987 kuadhimisha miaka 25 ya uhuru, pamoja na Nanga Abahutu na Bene Sebahinzi, zilizofuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati vita vimeshaanza. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilizipiga tena na tena kabla na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wimbo wa 1987 ulikuwa na maneno yaleyale mwaka 1994, na lahani ileile. Lakini uliposikika baina ya matangazo yaliyotaja watu na mahali pa kuwatafuta, ulikuwa umegeuka kitu kingine.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitoa hukumu tarehe 2 Desemba 2008. Majaji waliona kwamba nyimbo hizo zilipindisha historia ya Rwanda na kwamba zilitungwa kwa nia ya kueneza itikadi ya chuki dhidi ya Watutsi. Hata hivyo hawakuridhika kwamba ilithibitishwa, bila kubaki shaka, kuwa zilitungwa mahususi ili kuchochea mashambulizi, wala kwamba mtunzi mwenyewe alishiriki katika kuzirusha redioni mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyosema kwa kipaza sauti kutoka kwenye gari mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya Kivumu hadi Kayove, akiwahimiza watu kuwaua Watutsi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Rufaa ilithibitisha adhabu hiyo Machi 2010, naye alifariki nchini Benin Desemba 2018 akiwa amekwisha kuimaliza.

Mahakama ilifanya kile ambacho sheria inapaswa kufanya: ilitenganisha wimbo na amri, ikaadhibu amri. Kumfunga mtu kwa sababu ya wimbo ambao wengine waliupiga mahali pengine ni kufungua mlango ambao tawala nyingi zingefurahi kuupita. Lakini falsafa ya dini haifungwi na kanuni za ushahidi. Inaweza kuuliza kwa nini waliotaka kuua walihitaji nyimbo. Amri peke yake ilikuwa nayo nguvu, silaha zilikuwapo, vizuizi vya barabarani vilikuwapo. Wimbo ulifanya kazi ambayo amri haiwezi. Neno likisemwa, linamwachia msikilizaji nafasi, hata kama ni ndogo, ya kujiuliza kama anakubali. Neno likiimbwa na likapendwa, limekwisha kukaa ulimini mwa mtu na kukaririwa jikoni na shambani kabla hajaulizwa lolote. Aliyesema kwamba anaipenda lahani tu, maneno hayamhusu, alikuwa akiyaimba maneno. Hapa ndipo hofu ya Augustino inapotimia kwa upande ambao hakuuandika.

Kwa hiyo kauli ya Ghazali, kwamba muziki huchochea kilichomo moyoni, ni kweli lakini haitoshi. Moyo hauji duniani na chuki juu ya jirani. Chuki hufundishwa, na mojawapo ya njia za kuifundisha ni kuiimba miaka saba mfululizo. Kauli ya Plato, kwamba sauti zenyewe zina tabia, haisimami, maana lahani za Kinyarwanda zilizotumika kwa chuki ndizo lahani za nyimbo za harusi na za kusifu ng'ombe. Kinachobaki ni mlolongo wa watu: aliyetunga, aliyelipa, aliyerusha hewani, aliyeimba pamoja, aliyeshika mwenge. Kila mmoja anajibu kwa kiasi cha alichojua na uwezo aliokuwa nao. Timotheus hachukui hatia ya Aleksanda, wala Aleksanda hawezi kuitupa hatia yake juu ya Timotheus. Hata ndani ya utenzi wa Dryden mfalme alikuwa na masikio ya kuisikiliza huruma ya Dario. Alilia, kisha akachagua moto.

Ndani ya mlolongo huo, konseto ina nafasi ya pekee kwa sababu haina maneno. Inaonyesha nguvu ya Timotheus bila kutaka chochote kutoka kwa msikilizaji. Hakuna jina la kuchukiwa, hakuna mfalme wa kusifiwa, hakuna hata sala. Kwa dakika zile waliokuwa Covent Garden waliguswa na hawakutumwa. Wapo watu wa dini wanaouona muziki wa namna hiyo kuwa mtupu, na katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki ala hupewa kazi ya kuisindikiza kwaya tu, kana kwamba uzi usio na neno hauna la kusema mbele ya Mungu. Mtazamo huo unasahau kwamba Daudi hakumwimbia Sauli neno lolote ambalo Maandiko yamelihifadhi. Yametaja mkono wake tu juu ya nyuzi.

Kanisa la Sainte-Famille linaileta kweli ngumu zaidi ya hizi zote. Mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia hapo wakitafuta usalama, na wengi wao walitolewa wakauawa. Rwanda ya wakati ule ilikuwa nchi ya Kikristo kwa idadi kubwa ya watu wake. Mfalme Mutara III Rudahigwa alikuwa amebatizwa mwaka 1943 na kuiweka nchi chini ya Kristo Mfalme mwaka 1946. Wengi waliouawa na wengi waliowaua walikuwa wamejifunza zaburi zilezile na kuziimba katika viti vilevile. Zaburi hazikuwazuia. Anayetaka kuamini kwamba muziki mtakatifu humtakasa kila anayeuimba, lazima atazame Muhima kwanza, kisha asome tena habari ya mkuki wa Sauli. Muziki haukushindwa hapo kwa kuwa dhaifu. Haukuwahi kupewa uwezo wa kuamua kwa niaba ya mtu.

Wala haifuati kwamba ni afadhali kunyamaza. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, juma la maombolezo linapoanza, muziki wa starehe husimama na nyimbo za kumbukumbu huchukua nafasi. Waliofiwa huzisikiliza kwa sababu zinawasaidia kubeba kisichobebeka, nazo hutungwa kwa sauti zilezile ambazo nchi hiyo imekuwa nazo siku zote.

Linabaki jambo la utendaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba katika nchi za misheni mila za muziki za watu zipewe heshima yake. Uliruhusu pia ala nyingine mbali na kinanda ziingie kanisani, mradi zinafaa kwa matumizi matakatifu, zinaendana na heshima ya hekalu na zinawajenga waumini kweli. Vigezo hivyo havimuulizi mtu ala ilizaliwa kasri gani au ilimsifu mfalme gani. Vinauliza inatumikaje sasa. Ngoma, iliyokuwa na ukaribu mkubwa zaidi na utawala, imekwisha kuingia katika misa za Kinyarwanda. Inanga, ambayo haikuwahi kuitisha vita, inasikika humo kwa nadra.

Sababu inayoonekana zaidi ni udogo wa sauti yake katika jengo kubwa lenye kwaya kubwa, na suluhisho la kawaida, yaani kuiwekea kipaza sauti mpaka ishindane na ngoma na kinanda cha umeme, huiharibu ile tabia ya kumfanya mtu asogee na kusikiliza. Handel alikutana na tatizo hilihili na akalitatua kwa kalamu. Hakukiongezea kinubi nguvu. Aliwapunguzia wengine sauti. Kigali ina kwaya zenye uwezo wa kuimba kwa sauti nne, kama Chorale de Kigali iliyopo tangu mwaka 1966, na ina wapigaji wa inanga walio hai wanaoweza kufundisha. Watunzi na walimu wa kwaya wa Muhima na wa mji mzima wanapaswa kuandika kazi ambamo inanga inatangulia, fidla zimefungwa sauti, nyuzi za chini zinadonolewa na kwaya inangoja, tena waifanye kazi hiyo wakati wanafunzi wa Rujindiri na Kirusu bado wapo.